Enkoda absoluti imenigongesha kigari kwenye boriti. Nirudi kutafuta sifuri kila asubuhi?

#1 FundiLanet (Nakuru), Jumatatu saa 3:40 usiku

Wadau, poleni na kazi. Nina kisa na nina swali. Kisa ni kirefu, anayetaka swali tu ashuke mpaka mwisho.

Niko upande wa matengenezo kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo hapa Nakuru. Tuna mtambo wa kupanga magunia ya kilo 70 kwenye paleti. Kigari kinapanda na kushuka kwa mkanda wenye meno, mota ni ya sevo (inayoagizwa kwenda mahali kamili na kusimama hapo), giaboksi ni 20 kwa 1.

Zamani mota ilikuwa na enkoda, kifaa kinachopima mota imezunguka kiasi gani, ya kuhesabu mapigo tu, ambayo stima ikipotea inasahau kila kitu. Na stima yetu mnaijua. Ikirudi, lazima mtambo utafute sifuri: kigari kishuke polepole mpaka kwenye sensa ya chini, na kama mkono umeshika gunia, vijana walitoe kwanza. Dakika tano, sita. Ikipotea mara tatu kwa siku, meneja anaanza kuhesabu hasara kwa sauti.

Mwaka jana tukafungiwa sevo mpya yenye enkoda absoluti, isiyosahau mahali stima ikipotea, ya mizunguko mingi, ya betri. Miezi saba raha tupu. Stima ikirudi, draivu (kisanduku kinachoendesha mota) inasoma enkoda, skrini inaonyesha kigari kiko wapi, opareta anabonyeza kijani, kazi inaendelea na gunia likiwa bado mkononi.

Jumamosi tukabadilisha mkanda. Tulilegeza mkanda wa zamani, tukakiinua kigari, tukakikalisha juu ya gogo ili kisitushukie, tukautoa, tukavisha mpya, tukakaza. Leo asubuhi skrini ikasema milimita 310. Hakuna alamu yoyote. Opareta akabonyeza kijani. Kigari kiliagizwa kiende 1,600. Kilipapita hapo bila hata kupunguza mwendo, kikaigonga boriti ya juu iliyo kwenye 1,850. Bolti nne zimekatika, mkanda mpya umechanika, na gunia likaanguka mahali ambapo dakika mbili kabla kijana alikuwa anafagia.

Nimepima jioni hii. Gogo lilikishikilia kigari kwenye 700. Skrini ilisema 310.

Swali: enkoda imeharibika? Na kama vitu hivi vinaweza kudanganya kiasi hiki, si afadhali nirudi kutafuta sifuri kila asubuhi kama zamani?

#2 DraivuKisumu, saa 4:05 usiku

Pole sana, na umshukuru Mungu kwa huyo kijana.

Enkoda yako ni nzima na haijadanganya. Iko nyuma ya mota. Inachojua ni shafti iliyoishika: imezunguka mara ngapi, na sasa imesimama kwenye pembe gani. Mlipotoa mkanda, shafti ilibaki pale pale na kigari kikaenda kwingine. Ni kama kumwuliza bawabu wa langoni kama mtoto amelala. Atakwambia hakuna aliyetoka, na atakuwa anasema kweli.

Puli ina meno mangapi, na ni milimita ngapi kutoka jino hadi jino?

#3 FundiLanet, saa 4:09 usiku

Meno 40, milimita 10.

#4 DraivuKisumu, saa 4:20 usiku

Basi puli ikizunguka mara moja kigari kinakwenda milimita 400. Gawanya kwa 20 za giaboksi, unapata milimita 20 kwa kila mzunguko wa mota. Tofauti yenu ni 390, yaani meno 39 ya mkanda, au mizunguko 19 na nusu ya mota. Hayo meno 39 hayakupita mbele ya enkoda, ingeyahesabuje? 1,600 na 390 ni 1,990, na boriti iko 1,850.

Lakini kuna kitu hujakitaja. Swichi ya kikomo ya juu, ile ya kusimamisha kigari kikipita mwisho wake, ilikuwa wapi?

#5 FundiLanet, saa 4:31 usiku

Nilijua mtaniuliza hilo.

Haipo. Aliyetufungia sevo alisema kwa kuwa enkoda ni absoluti, mipaka itawekwa ndani ya programu na swichi hazina kazi tena. Na swichi ya juu ilikuwa inatusumbua, vumbi la pumba linaingia, inatoa alamu za uongo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshika bisibisi nikaitoa.

#6 BungomaWaya, saa 4:33 usiku

Mulembe. Angalau wewe umekiri. Huku kwetu swichi "ilianguka yenyewe".

#7 DadaPLC (Kisumu), Jumanne saa 1:15 asubuhi

Hamjambo. Naandika programu za mitambo, nimeona hili kosa mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Mipaka ya programu inategemea namba ya enkoda. Namba ikiwa na kosa la 390, mipaka nayo imesogea 390 na inakulinda mahali ambapo hakuna hatari. Kaka Lanet, programu yako iliamini kabisa kwamba kigari kiko ndani ya mipaka wakati bolti zinakatika.

Ninachofanya mimi kwa kila mhimili (sehemu inayotembezwa na mota yake) wenye enkoda absoluti ni hiki. Mhimili ukisimama na breki ikashika, PLC, kompyuta ndogo inayoongoza mtambo, inaandika namba ya mahali kwenye kumbukumbu isiyofutika. Stima ikirudi, kabla draivu haijaruhusiwa kuwasha mota, PLC inasoma enkoda na kulinganisha na ile iliyoandikwa. Zikitofautiana kupita kiasi fulani, hakuna kuendelea mpaka fundi aje aangalie kwa macho.

Hicho kiasi usikitoe hewani. Zima mtambo jioni ukiwa na gunia mkononi, pima asubuhi breki imeteleza kiasi gani, uongeze kidogo. Mitambo mingine ni milimita moja, mingine ni tano.

Na uandike pia alama moja: "nilikuwa natembea" au "nilikuwa nimesimama". Stima ikikatika kigari kikiwa katikati ya mwendo, kitaendelea kidogo kabla breki haijashika, kwa hivyo tofauti itakuwa kubwa bila kosa la mtu. Hapo usiipuuze alamu, ila ujue sababu yake.

#8 MzeeWaRilei (Webuye), saa 2:02 asubuhi

Binti yangu, umeandika vizuri, lakini hebu tujaribu dawa yako kwa mgonjwa huyu huyu.

Jumamosi kabla ya kuzima, PLC yako inaandika 310. Wanatoa mkanda. Shafti haisogei. Jumatatu PLC inasoma 310. 310 na 310 ni sawa. Taa ya kijani. Kigari kinagonga boriti.

#9 DadaPLC, saa 2:10 asubuhi

Mzee, umenikamata. Ni kweli. Ulinganisho ule unakamata yaliyotokea upande wa enkoda: betri kufa, mota kubadilishwa, mtu kuzungusha shafti kwa mkono, enkoda kusoma upuuzi. Kilichotokea kati ya shafti na kigari hauwezi kukiona.

Kwa hicho unahitaji jicho juu ya kigari chenyewe.

#10 DraivuKisumu, saa 2:40 asubuhi

Na jicho hilo ni sensa moja ya shilingi chache. Weka sensa ya ukaribu kwenye fremu, mahali ambapo kigari hupita kila mzunguko wa kazi, tuseme kwenye 800. Weka kipande cha chuma kwenye kigari. Kila kigari kinapopita, PLC inashika namba ya enkoda pale pale sensa inapowaka. Namba hiyo inapaswa kuwa ile ile kila siku. Ikiwa jana ilikuwa 800.3 na leo 810.2, mkanda umeruka jino. Ikiwa ni 410, mtu amevisha mkanda bila kuweka sifuri upya, na huyo ni Lanet.

Sensa ipitiwe upande mmoja tu, ama kwa kupanda ama kwa kushuka, maana sehemu inapowaka na inapozimika hazilingani. Na mara ya kwanza stima ikirudi, mwendo uwe wa kinyonga mpaka sensa ipitwe na namba ikubaliwe, milimita 50 kwa sekunde hivi. Ikishakubaliwa ndipo mwendo wa kazi uruhusiwe.

Hii ndiyo tofauti na kutafuta sifuri. Hutoi gunia, hushuki mpaka chini, hufuti namba. Unamwuliza bawabu, kisha unafungua mlango wa chumba uangalie mtoto mara moja.

#11 MzeeWaRilei, saa 2:55 asubuhi

Mimi bado ningetafuta sifuri kila asubuhi. Zamu ya kwanza, mkono hauna gunia, dakika tano zinakuumiza wapi? Stima ikikatika mchana, haya, tumia hiyo sensa yenu. Nimefanya kazi kwenye mitambo tangu karatasi zilipokuwa zinatoka hapa Webuye, na hakuna mtambo uliowahi kumgonga mtu kwa sababu ulitafuta sifuri mara moja zaidi.

#12 DadaPLC, saa 3:20 asubuhi

Mzee, hata kutafuta sifuri ni mwendo ambao mtambo haujui uko wapi. Ukiwa na mhimili wa pili ndani ya nafasi ya wa kwanza, kutafuta sifuri bila kujua ndiko kunakogonganisha. Nimeona mkono wa kushika ukikunjwa hivyo. Lakini kwa mhimili mmoja wa kupanda na kushuka sitakubishia.

Kaka Lanet, swichi irudi. Iwe ya mguso unaofungwa wakati wote na kufunguka inapoguswa, ili hata waya ukikatika mtambo usimame. Ikate moja kwa moja kwenye draivu au kontakta ya usalama, isipitie programu kwanza. Na uiweke mahali penye nafasi ya kusimama. Kigari chako kinafika mwendo gani?

#13 FundiLanet, saa 6:50 mchana

Mota inazunguka 3,000 kwa dakika. Milimita 20 kwa kila mzunguko, kwa hivyo mita moja kwa sekunde.

#14 DadaPLC, saa 7:05 mchana

Kikipunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde mraba, kutoka mita moja kwa sekunde kitahitaji milimita 100 kusimama. Kazi yako inaishia 1,600. Weka swichi kwenye 1,700. Unabaki na 150 kabla ya boriti. Halafu tafuta swichi ya sumaku au ya ukaribu iliyozibwa dhidi ya vumbi, hiyo pumba ndiyo iliyokufanya ushike bisibisi.

Jambo lingine, kwa sababu umetaja gunia kuanguka. Draivu nyingi za sasa zina STO, inayokata nguvu ya mota kwa njia ya usalama, imeelezwa kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 61800-5-2. Ni nzuri, lakini kwa mhimili wa wima kukata nguvu kunamaanisha mzigo unaachiliwa. Kinachoushika ni breki. Gogo mliloweka Jumamosi lilikuwa jambo la busara kuliko yote niliyosoma hapa. Msiache kuliweka hata mkiwa na STO, breki na enkoda ya bei gani.

#15 OmeraMchupa (Kisumu), saa 8:30 mchana

Samahani kuingilia uzi wa mwenyewe, ila naona watu wa enkoda mko hapa na mimi nina ugonjwa wa mwaka mzima.

Niko kwenye mtambo wa kujaza maji kwenye chupa. Meza ya duara, vichwa 12, giaboksi 12 kwa 1, enkoda absoluti ya mizunguko 4,096. Mchana kutwa hakuna shida. Tukizima na kuwasha, siku nyingine iko sawa, siku nyingine vali zinafunguka chupa ikiwa upande wa kutokea na maji yanamwagika sakafuni. Meza yenyewe inasimama sawasawa, chupa ziko chini ya vichwa, lakini ni kama imesahau kichwa cha kwanza ni kipi. Tumebadilisha enkoda, tumebadilisha kebo. Wengine wameanza kusema mtambo umerogwa, na si utani, kuna mtu alileta maji ya baraka.

#16 DraivuKisumu, saa 8:52 mchana

Omera, maji ya baraka yahifadhi. Wakati vali zimekosea, zimekosea kwa vichwa vinne, au vinane?

#17 OmeraMchupa, saa 9:10 alasiri

Ngoja nimwulize opareta... Ni vinne. Au vinane. Umejuaje?

#18 DraivuKisumu, saa 9:48 alasiri

Hesabu tu. Enkoda yako inahesabu mizunguko ya mota mpaka 4,096 kisha inarudi sifuri. Meza inazunguka mara moja kwa kila mizunguko 12 ya mota. Gawanya 4,096 kwa 12, unapata 341 na thuluthi. Kila enkoda inapojaa na kuanza upya, meza haiko pale ilipoanzia, iko mbele kwa thuluthi ya mzunguko, digrii 120. Vichwa vinne kati ya 12.

Mtambo ukiwa umewashwa, PLC inaona enkoda ikipita kutoka 4,095 kwenda sifuri na inajua imezidi, inaongeza yenyewe. Ukizima, hiyo nyongeza inafutika. Ukiwasha, inaanza na namba tupu ya enkoda, ambayo inaweza kuwa sawa, au kukosea kwa thuluthi, au thuluthi mbili. Kama meza inazunguka mara sita kwa dakika, mota inazunguka 72, na enkoda inajaa kila baada ya dakika 57 hivi. Kwa hivyo siku moja tu inajaa mara nyingi, na asubuhi utaangukia wapi ni bahati nasibu.

Na kwa kuwa thuluthi ya meza ni vichwa vinne kamili, meza inasimama vizuri machoni. Ndiyo maana mlibadilisha enkoda.

Giaboksi ingekuwa 16 kwa 1 usingeona haya maishani, kwa kuwa 4,096 inagawanyika kwa 16 bila baki. Giaboksi hutaibadilisha, kwa hivyo PLC ihifadhi hesabu ndefu, isiyorudi sifuri, kwenye kumbukumbu isiyofutika. Ikiwasha, isome enkoda, itoe ile ya mwisho, ichukue tofauti iliyo fupi kuzunguka 4,096, iijumlishe kwenye hesabu ndefu. Itafanya kazi mradi hakuna mtu aliyezungusha mota zaidi ya mizunguko 2,048 wakati stima imezimwa, na kwa mkono nakutakia heri.

Kisha weka sensa moja kwenye meza, inayowaka mara moja kwa kila mzunguko kwenye kichwa cha kwanza. Unaona tumerudi pale pale.

#19 OmeraMchupa, saa 10:02 jioni

Mwaka mzima. Nitakununulia samaki pale Dunga, mkubwa wa kuvuka sahani.

#20 BungomaWaya, saa 1:25 usiku

Na mimi niweke ya betri, maana mtu ataipata.

Enkoda za mizunguko mingi zenye betri zinatumia betri kuhesabu mizunguko wakati stima haipo. Pembe ndani ya mzunguko mmoja inajulikana bila betri, ila idadi ya mizunguko inapotea betri ikifa. Kwa hivyo betri inabadilishwa draivu ikiwa inapata stima yake ya udhibiti, mota ikiwa haijaruhusiwa kutembea. Ukizima kila kitu "kwa usalama" kisha ukachomoa betri, umefuta namba mwenyewe. Na kama betri iko upande wa draivu, kuchomoa kebo ya enkoda kwenye mota ni sawa na kuchomoa betri. Hili linawanasa hata wazoefu.

Sehemu ya kuchekesha. Betri nyingi za draivu hizi ni lithiamu ya volti 3.6, na nyingine zina umbo sawa kabisa na betri ya saa ya ukutani. Huku kwetu mtu wa zamu ya usiku aliona alamu ya betri, akaenda dukani, akarudi na ya volti 1.5. Iliingia vizuri kabisa. Alamu haikuondoka, akaamua skrini ndiyo mbovu, akabandika karatasi juu ya alamu.

Kuna enkoda zisizo na betri. Za gia ndogo ndani, kama saa, na za waya wa Wiegand, ambao sumaku ikiupita unatoa pigo dogo la umeme, linalotosha kuhesabu mzunguko mmoja hata kama hakuna stima popote. Bei iko juu. Ukiwa mahali ambapo mtambo unalala miezi baada ya msimu, kama viwanda vya miwa vikiwa kwenye matengenezo, zinajilipa.

#21 MwalimuWaWaya (Kakamega), saa 2:15 usiku

Nafundisha umeme. Mniruhusu kidogo.

Wanafunzi wangu huuliza kwa nini diski nyingi za enkoda hizi haziandikwi kwa msimbo wa kawaida wa biti, zile 0 na 1. Tazameni kutoka 7 kwenda 8. Kwa msimbo wa kawaida ni 0111 kwenda 1000, biti nne zinabadilika pamoja. Kwa kweli hazigeuki zote kwa wakati ule ule hasa, na ukisoma katikati unaweza kupata namba yoyote. Kwa msimbo wa Gray, 7 ni 0100 na 8 ni 1100. Biti moja tu. Ukikosea, umekosea hatua moja. Frank Gray wa maabara za Bell aliombea hataza yake mwaka 1947, kabla ya PLC kuzaliwa.

Lakini Gray anakulinda kwenye diski tu, njiani ni mambo mengine. Enkoda za SSI zinatuma namba mfululizo kwa waya, biti baada ya biti, na kwa kawaida hazina hundi ya makosa, yaani namba ya ziada ya kuthibitisha kilichofika. Kebo ikipita kando ya kebo ya mota ya inveta, yenye kelele nyingi za umeme, biti moja ya juu ikigeuka, mtambo unaona kigari kimeruka nusu mita. Enkoda za aina nyingine, BiSS na EnDat 2.2, zinatuma hundi pamoja na namba, kwa hivyo namba iliyochafuka inajulikana na inatupwa.

#22 DadaPLC, saa 2:40 usiku

Asante Mwalimu. Kwa wenye SSI: kigari cha Lanet hakiwezi kuzidi mita moja kwa sekunde, yaani milimita moja kwa milisekunde. Enkoda yake ikiwa ya biti 17, mzunguko mmoja ni hatua 131,072, na milimita moja ni hatua 6,554 hivi. PLC ikisoma kila milisekunde na ikaona imeruka hatua 20,000, huo si mwendo, ni takataka. Tupa usomaji huo. Ukija wa pili mfululizo, simamisha mtambo. Usiutafutie wastani, wastani wa ukweli na takataka ni takataka nyembamba.

Na kabla hujaruhusu mota, hakikisha agizo la mahali ni sawa na mahali ulipo. Nimeona mtambo umekumbuka agizo la jana, 1,600, enkoda inasema 310, na mara draivu ilipowashwa ukaruka kama swala.

#23 JuaKaliKondele, saa 3:30 usiku

Watu wa sevo mnaonipigia simu, tafadhali. Mota ya sevo ikiungua, mkiileta kusukwa upya, msiifungue enkoda nyuma wenyewe. Imefungwa kwa pembe maalumu na sumaku za rota. Ukiirudisha kwa pembe nyingine, draivu inasukuma mota mahali pasipofaa, na unapoiruhusu inaweza kukimbia upande wowote kwa nguvu zake zote. Wiki iliyopita moja ilitoka mezani kwangu. Mezani! Haikuwa hata imefungwa kwenye mtambo. Kalamu nyeupe, alama mbili, picha kwa simu, kisha ndiyo unagusa skrubu.

#24 FundiLanet, Jumatano, wiki tatu baadaye, saa 2:10 usiku

Wadau, nimerudi.

Swichi ya juu imewekwa kwenye 1,700, ya ukaribu, imefunikwa. Nilipoijaribu kwa mwendo kamili kigari kilisimama 1,790, kwa hivyo hesabu ya Dada ilikaribia sana. Sensa ya kati iko 800. Kumbukumbu ya mahali imeandikwa. Breki yangu inateleza milimita 4 usiku mmoja ikiwa na gunia, jambo ambalo sikulijua na ambalo limenifanya niagize breki. Kwenye mlango wa paneli nimebandika karatasi: anayetoa mkanda, mota, giaboksi au kaplingi, aweke sifuri upya na aandike jina.

Mzee wa Webuye, zamu ya kwanza tunatafuta sifuri. Meneja hajalalamika, nilimwonyesha bolti.

Jana stima ilipotea mara tatu. Mara ya tatu kigari kilipopita sensa polepole, skrini ikaandika tofauti 9.9, ikakataa mwendo wa kazi. Chini yake kuna kitufe cha "kubali", nilikiweka mwenyewe. Kidole kilikuwa juu yake. Gari la kupakia lilikuwa linangoja, dereva anapiga honi. Halafu nikakumbuka milimita 10 ni nini.

Jino moja. Mkanda mpya umelegea, breki iliposhika ghafla ukaruka. Nilipoukaza niliukuta umelika meno upande mmoja. Wiki moja zaidi ungekatika na gunia juu.

#25 DadaPLC, saa 2:25 usiku

Vizuri sana. Sasa kitoe hicho kitufe cha "kubali".

#26 FundiLanet, saa 2:31 usiku

Nimekibadilisha. Sasa ni swichi ya ufunguo kwenye paneli, na ufunguo uko mmoja, mfukoni mwangu. Tatizo leo niliuacha kwenye suruali nyingine nyumbani Lanet. Mtambo umekaa dakika 40, na meneja hanisemeshi.

#27 MzeeWaRilei, saa 2:44 usiku

Chonga wa pili, umpe msimamizi wa zamu. Meneja usimpe.